Mfumo wa Kompyuta ya Nyumbani: Ubadilishwe Mara Ngapi?

Barua iliyotufikia majuma mawili yaliyopita imetoka kwa mama mmoja mshonaji, na kwa kuwa jambo analoliuliza linawagusa wasomaji wengi, nimeonelea niijibu katika ukurasa huu badala ya kumwandikia peke yake. Mama huyu ana vyerehani vitatu na kompyuta mpakato moja. Ndani ya kompyuta hiyo ameweka vipimo vya wateja wake wote, madeni yao na tarehe za kuchukua nguo. Na usiku, kazi zikiisha, binti yake aliye mwaka wa mwisho wa masomo huitumia kuandika tasnifu. Kijana wa jirani ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux, wa aina iitwayo Ubuntu, toleo la 22.04, baada ya mfumo wa kwanza kuwa mzito kupita kiasi. Tangu siku hiyo kompyuta imekwenda vizuri. Lakini sasa kila anapoiwasha hutokea kidirisha kinachomwarifu kwamba toleo jipya limetoka, na kumwuliza kama angependa kulipokea.

Nyumbani kumezuka mabishano. Kijana wa jirani anashikilia kwamba mfumo hauna budi kubadilishwa kila miezi sita, kwani ndivyo wafanyavyo wajuzi. Baba Watoto naye asema chombo kinachofanya kazi hakiguswi, na kila kidirisha kitokeacho kifungwe bila kusomwa. Mama anauliza amsikilize nani, maana vipimo vya wateja vikipotea hatakuwa na pa kuvipata, na tasnifu ya binti ikipotea ni hasara ya mwaka mzima.

Kwa maoni yangu kila mmoja wao ana nusu ya haki, nao wanabishana kwa sababu wamefunga vitu viwili katika furushi moja. Nitalifungua furushi hilo, lakini kwanza niseme machache kwa ajili ya wasomaji ambao jina la Linux ni geni kwao.

Kompyuta haifanyi lolote pasipo kuamriwa, na mfumo endeshi ndio msimamizi anayepokea amri za mtumiaji na kuzigawa kwa sehemu za mashine: kioo, diski, kichapishi, intaneti. Windows ni mfumo wa namna hiyo, nao huuzwa. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, aitwaye Linus Torvalds, ambaye aliiacha wazi ili kila ajuaye aichungulie na kuirekebisha. Alichoandika yeye kilikuwa kiini tu. Wengine walikizungushia kiini hicho programu nyingi na kutengeneza mikusanyo kamili, kila mmoja na jina lake na ratiba yake. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeliunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nayo imejengwa juu ya Debian. Jina hilo kwetu halihitaji kamusi: ni utu, na katika Kirundi mtu anayepewa kitu bila malipo husema amekipata ku buntu. Inafaa, kwa sababu mfumo wenyewe hutolewa bure. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, wenye mashine ambazo Windows 11 haizikubali wamekuwa na sababu mpya ya kuuliza habari za Linux, na bila shaka maswali ya namna ya mama huyu yatazidi.

Sasa furushi. Mama mshonaji anaijua kuliko mimi tofauti ya kutia kiraka na kushona nguo upya. Gauni likichanika kwenye kwapa, fundi hulitia kiraka au huliziba kwa uzi, na mwenye gauni huendelea kulivaa lile lile. Kola haikubadilika, mifuko iko palepale. Kompyuta nayo ina viraka vyake. Watengenezaji wakigundua tundu katika programu, yaani kosa ambalo mwizi anaweza kulipitia, huliziba na kuisambaza programu ile ile ikiwa imezibwa. Ubuntu 22.04 iliyotiwa viraka mia bado ni Ubuntu 22.04, na mtumiaji hataona tofauti. Kupanda toleo ni kushona upya. Kiini kinabadilika, programu karibu zote zinabadilika, sura ya kioo inabadilika, na pengine kichapishi kilichokuwa kikifanya kazi jana kinagoma leo. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tungesema kwamba kiraka ni ile karatasi ndogo ya masahihisho inayobandikwa ndani ya kitabu cha darasa, na toleo jipya ni mtaala mpya. Karatasi ya masahihisho huibandika siku ile ile inapofika. Mtaala mpya hakuna mwalimu anayeuanzisha katikati ya muhula, wanafunzi wakiwa wamebakiza majuma matatu kufanya mtihani.

Kwamba viraka havingoji, mfano wake ni huu. Mwezi Septemba 2014 ilitangazwa kuwa programu iitwayo Bash, ambayo hupokea amri zinazoandikwa kwa maneno na ambayo imo katika karibu kila Linux, ilikuwa na tundu lililokaa humo tangu mwaka 1989. Robo karne nzima, na programu iko wazi kwa kila mwenye macho! Tundu hilo likapewa jina la Shellshock. Tangazo lilipotoka, siku mbili hazikupita kabla ya waharibifu kuanza kulitumia kuingilia mashine za watu, hasa zile kubwa zinazohudumia intaneti. Viraka vilitolewa mara moja, na kwa kuwa cha kwanza hakikuziba vyema, vikafuata vingine katika siku zile zile. Aliyekuwa na desturi ya kupokea viraka kila siku alisalimika pengine bila hata kusikia habari. Aliyefunga kila kidirisha bila kukisoma, kama anavyoshauri Baba Watoto, aliacha mlango wazi.

Kwa upande wa pili, kukimbilia matoleo mapya nako kuna hatari zake, na hapa kijana wa jirani asikilize. Machi 29, 2024, mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliutangazia ulimwengu jambo ambalo lilikuwa dogo sana kwa sura. Alikuwa akifanya majaribio katika mashine yenye Debian ya wanaojaribu, akaona kwamba kuingia katika mashine hiyo kutoka mbali kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Wengine tungesema ni mtandao. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, na humo akakuta mlango wa siri. Mtu fulani alikuwa amejiunga na kazi ya kuitunza programu hiyo, akajijengea sifa njema kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akautia mlango huo katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Nani waliokuwa wameyapokea matoleo hayo? Ni wale wa mbio: Debian ya majaribio, Fedora ya majaribio na wengineo wanaopenda kilichotoka jana. Debian 12, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa toleo tulivu, haikuguswa, na Ubuntu 22.04 haikuguswa, kwa kuwa zote zilikuwa bado na xz ya zamani. Ubuntu 24.04 iliyokuwa ikiandaliwa iliahirisha toleo lake la majaribio kwa juma moja ili vipande vyake vijengwe upya.

Hata tundu la Heartbleed, lililotangazwa Aprili 2014 katika programu ya OpenSSL inayolinda mazungumzo ya kompyuta, lilikuwa limeingia pamoja na toleo jipya la Machi 2012. Debian 6 iliyokuwa na OpenSSL ya zamani zaidi haikuwa nalo. Debian 7, mdogo wake, ilikuwa nalo, ikabidi izibwe haraka. Ukongwe peke yake si ugonjwa, mradi mkongwe awe bado anatunzwa.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayomshinda Baba Watoto. Matunzo yana mwisho, na kila aina ya Linux hutangaza mwisho wake mapema. Ubuntu hutoa toleo kila miezi sita, Aprili na Oktoba, na namba yake husomeka kama tarehe: 22.04 ni mwaka 2022, mwezi wa nne. Toleo la Aprili la kila mwaka wa namba shufwa hupewa huduma ndefu ya miaka mitano. Matoleo mengine yote yaliyo katikati hupewa miezi tisa tu. Sasa tunaelewa kijana wa jirani alikotoa miezi yake sita. Anayetumia matoleo ya katikati hana hiari, kwani akikaa mwaka mmoja bila kupanda amekwisha achwa njiani. Yamkini yeye mwenyewe hutumia hayo, nayo yanamfaa, kwa sababu ni kijana, anajifunza, na mashine yake ikianguka ataiinua jioni ile ile. Lakini mashine ya mama haina 23.10 wala 24.10, ina 22.04, nayo ni ya huduma ndefu, itatunzwa hadi mwaka 2027. Kumwekea desturi ya miezi sita ni kumvalisha kiatu cha mtu mwingine.

Debian haina mbio. Toleo la 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Kwa hiyo ni kama kila miaka miwili, na kila moja hutunzwa kikamilifu kwa miaka mitatu, kisha hukabidhiwa kundi jingine linaloongeza miwili. Fedora hutoka kila miezi sita hivi na kutunzwa kwa takriban miezi kumi na mitatu. Arch haina matoleo kabisa, hubadilika kidogo kidogo kila siku, na anayeichagua ajue kwamba amechagua pia kusoma matangazo yake. Linux Mint, inayopendwa na waliotoka Windows, imejengwa juu ya Ubuntu ya huduma ndefu na hufuata mwendo wake.

Muda wa matunzo ukiisha, hapana kengele itakayolia. Kompyuta itawaka asubuhi kama ilivyowaka jana, na Baba Watoto atasema, mnaona? Lakini tangu siku hiyo kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi katika mashine yake, na walioligundua watakuwa wamelitangaza kwa ulimwengu wote. Baada ya muda, ghala ambalo mfumo huchukulia programu zake huhamishiwa katika nyaraka za kale, hata kusakinisha programu ndogo ya kusomea vitabu kunashindikana mpaka fundi abadilishe anwani kwa mkono. Kivinjari cha intaneti nacho huzeeka, na baadhi ya tovuti zikakataa kufunguka. Mwishowe mwenye mashine hulazimika kupanda, tena kwa siku asiyoichagua yeye, na kutoka mbali mno hata njia ya kawaida haipo.

Kwa hiyo swali la mara ngapi lina majibu mawili. Viraka ni kila siku, au kwa uchache kila juma. Toleo, kwa nyumba ya kawaida na kwa ofisi ndogo, nasema ni kila miaka miwili, kutoka huduma ndefu hadi huduma ndefu. Na kwa yule ambaye intaneti kwake ni ghali au ni ya shida, aweza kufikisha minne. Jandarmerie ya Ufaransa, iliyoanza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na yenye maelfu ya kompyuta, imekuwa ikipita katika matoleo ya huduma ndefu, na sioni kwa nini nyumba yenye kompyuta moja iwe na haraka kuliko askari hao.

Lakini miaka miwili haina maana ya siku ya kwanza. Toleo la huduma ndefu litokapo Aprili, Ubuntu yenyewe haiwaiti wenye toleo la huduma ndefu lililotangulia mpaka marekebisho ya kwanza yatoke, aghalabu Julai au Agosti. Hata hapo nashauri kungoja miezi mingine miwili mitatu. Mwaka 2024 marekebisho ya kwanza ya 24.04 yalicheleweshwa hadi Agosti 29, njia ya kupanda kutoka 22.04 ikafunguliwa, na baada ya siku chache ikafungwa tena kwa sababu ya hitilafu katika chombo chenyewe cha kupandishia, mpaka iliporekebishwa. Waliongoja hadi Desemba hawakupoteza kitu.

Wanaochagua miaka minne wajue jambo moja: Ubuntu hairuhusu kuruka daraja. Kutoka 20.04 hupandi moja kwa moja hadi 24.04, hapana budi upite 22.04 kwanza. Debian nayo ni vivyo hivyo, kutoka 11 hadi 12, kisha 13. Kupanda mara mbili mfululizo ni kupakua mzigo mara mbili na kubahatisha mara mbili. Kwa mtu wa miaka minne, mimi huona ni heri kuhifadhi mafaili yake yote nje, kufuta, na kusakinisha upya toleo linalokusudiwa. Kazi hiyo huchukua mchana mmoja, na mashine hutoka ikiwa safi, bila masalio ya programu zilizosahauliwa.

Kuna pia njia ya kurefusha umri bila kupanda. Kampuni ya Canonical, inayotunza Ubuntu, ina huduma iitwayo Ubuntu Pro ambayo hutolewa bure kwa mtu binafsi katika kompyuta zisizozidi tano, nayo hufikisha matunzo ya viraka hadi miaka kumi. Ni msaada mzuri kwa mashine isiyoweza kubeba toleo jipya. Hata hivyo, ahadi za miaka mingi zisomwe kama ahadi. Mwezi Desemba 2020 watumiaji wa CentOS 8, ambao walikuwa wameahidiwa matunzo hadi 2029, waliarifiwa kuwa matunzo yangeisha Desemba 31, 2021. Ofisi nyingi zilizokuwa zimejipangia miaka minane zikajikuta na mwaka mmoja.

Narudi kwa mama mshonaji, nimpe utaratibu. Leo jioni afungue mipangilio ya masasisho. Pahali panapouliza viraka vya usalama vitiwe lini, achague vitiwe vyenyewe kila siku. Katika Ubuntu kwa kawaida ndivyo ilivyo, lakini ni vyema kuhakikisha, maana mafundi wengine huzima ili kuokoa megabaiti. Pahali panapouliza atangaziwe matoleo gani mapya, achague yale ya huduma ndefu peke yake. Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: kufunga kifuniko cha kompyuta mpakato si kuizima. Kiraka cha kiini huanza kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya. Nimeona kompyuta ambazo hazikuzimwa kwa miezi mitatu, viraka vyote vimeshuka na kiini ni kile cha zamani bado kinazunguka. Basi Jumamosi, vyerehani vikifutwa mafuta, kompyuta nayo izimwe kabisa na kuwashwa.

Kuhusu gharama, viraka vya juma moja mara nyingi ni vidogo, ingawa kiini kipya au kivinjari kipya chaweza kuwa megabaiti mia kadhaa. Kupanda toleo ni jambo la gigabaiti, moja au zaidi. Haifai kufanywa kwa megabaiti za simu zinazokwisha katikati. Aende mahali penye intaneti ya kutulia, kazini kwa ndugu au chuoni kwa binti.

Tasnifu ikabidhiwe kwanza. Hili sina mjadala nalo. Hakuna tundu katika 22.04 inayotunzwa linalomlazimisha binti kubadilisha mfumo miezi miwili kabla ya kukabidhi kazi yake, na yeyote atakayemharakisha hajawahi kuandika tasnifu. Baada ya kukabidhi, na likizo ndefu ikianza, ndipo wapande kwenda 24.04, ambayo itatunzwa hadi 2029.

Kabla ya siku hiyo vipimo vya wateja, madeni na tasnifu vinakiliwe katika flashi mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe kwa shangazi au mtu mwingine wa kuaminika anayekaa nyumba tofauti. Nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine kuona kama zinasomeka, kwa sababu flashi nyingi za bei nafuu hupokea mafaili kwa adabu na kuyarudisha yakiwa majivu. Kusema kweli, nakala hizi mama alipaswa kuzidai kwa kijana wa jirani tangu siku ya kwanza, awe apanda au hapandi. Diski yaweza kufa siku yoyote bila kuomba ruhusa ya toleo.

Kisha ajaribu kabla ya kununua, kama afanyavyo mteja wake anayejitazama kwenye kioo. Linux ina fadhila moja kubwa: toleo jipya laweza kuwekwa katika flashi na kuendeshwa kutoka humo humo bila kugusa kitu kilicho ndani ya diski. Faili la 24.04 ni zaidi ya gigabaiti tano, hivyo flashi ya gigabaiti nane yatosha. Kompyuta iwashwe kutoka flashi hiyo, kisha mama aulize maswali yake: je, intaneti isiyo na waya inashika? Kichapishi kinatoa karatasi? Sauti ipo? Daftari la hesabu linafunguka na jumla zake ni zile zile? Ikiwa jibu ni hapana hata kwa moja, wangoje, au fundi atafute dawa kabla ya siku yenyewe.

Siku ya kupanda betri iwe imejaa na waya umechomekwa, kwa kuwa umeme ukikatika wakati programu mia tano ziko nusu zamani nusu mpya, mashine yaweza kukataa kuwaka, na kuirudisha ni kazi ya mjuzi. Diski iwe na nafasi ya kutosha. Kazi ianze asubuhi, si saa nne za usiku. Chombo cha kupandishia kitazima chenyewe maghala ya programu yasiyo ya Ubuntu, basi programu zilizotoka huko ziandikwe katika karatasi ili zirudishwe baadaye. Na kama kiini kipya kitagombana na mashine, orodha inayoweza kufunguliwa wakati wa kuwasha huwa bado ina kiini cha zamani. Kukichagua hicho mara nyingi hutosha kuirudisha nyumba katika hali yake wakati dawa inatafutwa.

Limebaki swali la wasomaji wenye mashine za zamani zaidi, hasa shule na vyama vilivyopokea kompyuta za msaada. Kwao toleo lijalo huenda lisiwepo kabisa. Ubuntu 24.04 ya mezani hupendekezewa mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne na nafasi ya gigabaiti ishirini na tano katika diski. Yenye gigabaiti mbili itaelemewa. Heri Xubuntu au Lubuntu, ndugu zake wepesi, lakini wahesabu vyema, kwa kuwa ndugu hao, hata katika toleo la huduma ndefu, hutunzwa miaka mitatu na si mitano.

Na mashine za biti 32, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile za mwanzo wa miaka ya 2000, ziko mwisho wa barabara. Ubuntu iliacha kuzitolea diski za mezani mwaka 2017. Debian ilizivumilia zaidi, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kiini kwa ajili yake. Anayetaka kujua mashine yake iko upande gani aandike amri lscpu. Jibu likitaja 64-bit, mashine yaweza kuwekewa mfumo wa biti 64 hata kama sasa inaendeshwa na wa biti 32, na jambo hilo limewafurahisha wengi. Likitaja 32-bit peke yake, makazi yake ya mwisho ni Debian 12, ambayo itapata viraka hadi Juni 2028. Baada ya tarehe hiyo mashine itolewe katika intaneti, iachiwe kazi ya kuchapia barua na mitihani, na mafaili yatoke kwa flashi.